Hori Lililojaa Haraka

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Jemima alikuwa amekwisha kufagia ua, kuchota maji kwenye chemchemi ya mtaa wa Sukisa na kuosha masufuria ya jana. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alisoma darasa la sita. Alipenda kila kitu kikae mahali pake: ndoo kando ya mlango, jembe nyuma ya jiko, viatu vya mdogo wake Landry chini ya benchi. Landry, mtoto wa miaka tisa, aliviacha viatu hivyo popote miguu yake ilipochoka, kwa hiyo ndugu hao wawili waliianza siku kwa ubishi.

"Yaya, kiatu changu kingine iko wapi?" Landry alimwuliza dada yake.

"Iko pale ulikiacha."

"Nilikiacha wapi?"

"Juu ya mparachichi. Weye mwenyewe utaniambia kilipanda namna gani."

Tangu mwezi wa kumi, nyumba yao ya vyumba vitatu ilikuwa na watu sita. Koko Honorine, kama watoto wote walivyomwita bibi huyo, alikuwa amekimbia vita huko Fataki pamoja na mjukuu wake Noëlla. Zamani Papa Alphonse, baba yake Jemima, aliwahi kumtengenezea milango ya nyumba yake, maana alikuwa seremala. Alipomkuta amekaa katika uwanja wa parokia, na mzigo wake wote ni kitenge kimoja kilichofungwa fundo, hakuuliza maswali. Aliubeba mzigo, akatangulia njia ya nyumbani.

Kitanda cha ziada hakikuwepo. Mama Dorothée, ambaye alikuwa mshonaji, aliunganisha magunia kuwa godoro moja pana. Papa akalijaza nyasi kavu alizoletewa na dereva mmoja wa njia ya Mahagi. Godoro hilo liliwekwa juu ya sakafu ya simenti katika chumba kidogo, na hapo Koko Honorine na Noëlla walilala.

Huo ulikuwa mwaka wa 2003. Mji wao wa Bunia, katika eneo la Ituri, ulikuwa umeanza kutulia. Magari meupe ya Umoja wa Mataifa yalipita barabarani, shule zilikuwa zimefunguliwa, na akina mama walikuwa wamerudi kupanga bidhaa zao sokoni. Hata hivyo, hakuna mzazi aliyemruhusu mtoto wake kuzivuka nyumba za mwisho za mji na kuingia kwenye majani marefu. Huko kulikuwa bado na watu wenye silaha, na mabomu ambayo hayakulipuka.

Jumamosi iliyotangulia Majilio, yaani majuma manne ya kuingojea Noeli, Mama Dorothée alikiondoa cherehani chake mezani akawaita watu wote waketi.

"Mwaka jana tuliingojea Noeli kwa woga, bila hata wimbo mmoja," alisema. "Mwaka huu tutaingojea vizuri. Tutaipanga, na kila mtu atakuwa na kazi yake."

"Kazi yangu ni kula," Landry alisema.

"Hiyo utaifanya bila kupangiwa," Papa alimjibu.

Kazi zikagawanywa. Mama angeshona kitambaa cha zambarau cha kufunika meza ya sala. Landry angetafuta matawi ya kutengenezea taji la mishumaa minne, mmoja kwa kila Jumapili. Noëlla, ambaye sauti yake ilikuwa nzuri kuliko ya wote, angeanzisha nyimbo. Koko Honorine angesimulia jinsi Noeli ilivyosherehekewa Fataki siku za amani. Papa angechonga hori dogo kwa mbao nyekundu za Mambasa zilizobaki katika karakana yake.

"Hori litakuwa tupu," Mama alieleza. "Kila jioni, kabla ya sala, mtu aliyetenda jambo jema atalisema mbele yetu, kisha ataweka unyasi mmoja ndani. Siku ya Noeli, Mtoto Yesu atalala juu ya mema yetu."

"Na kama tumekosa mema?" Landry aliuliza.

"Atalala juu ya ubao."

Koko Honorine alicheka hadi akashika mbavu. "Basi tufanye bidii, watoto wangu. Mbao za Alphonse ni ngumu, mimi nazijua."

Papa alisubiri kicheko kiishe, kisha akakohoa kidogo kama afanyavyo mtu mwenye habari kubwa. "Papa Mbusa, kiongozi wa shirika letu, amechagua nyumba yetu. Jumapili ya nne, familia zote jirani zinazosali pamoja nasi zitakuja hapa. Kwa hiyo tunahitaji msimamizi wa hori, mtu anayependa utaratibu. Mimi naona ni Jemima."

Jemima aliinamisha kichwa ili wasione jinsi uso wake ulivyong'aa. Msimamizi! Katika nyumba nzima, yeye!

Siku iliyofuata alimweleza kila rafiki aliyekutana naye. Jumatatu, katika uwanja wa shule, habari hiyo ilimfikia Tina, binti wa familia nyingine ya shirika hilo.

"Kwetu walikuja kabla ya vita," Tina alisema, mikono kiunoni. "Hori letu lilimwaga nyasi hadi chini. Nyinyi mutaonyesha nini? Mbao?"

"Utakuja kuona," Jemima alijibu. "La kwetu litajaa kuliko lenu."

"Siye tutakuja na macho yetu yote."

Maneno hayo yalimkaa Jemima rohoni. Mambo yalianza vizuri, kwa kuwa yule dereva wa njia ya Mahagi alikuwa ameleta mganda mwingine wa nyasi kwa ajili ya hori. Papa aliuweka jikoni akamwagiza Jemima aufunge mlango kila atokapo. Siku moja Jemima alichelewa shule, akakimbia, akausahau mlango. Aliporudi, alimkuta mbuzi wa jirani amelala jikoni, tumbo limevimba, na kipande cha mwisho cha unyasi kikining'inia mdomoni mwake.

"Mbuzi huyu ni wa ajabu," Landry alisema. "Amekula mema ya mwezi mzima, na yeye mwenyewe hajatenda hata moja."

Dereva hakutarajiwa kupita tena kabla ya mwaka mpya. Kuanzia siku hiyo, kila mmoja alilazimika kuokota unyasi wake karibu na ua. Nyasi za hapo zilikuwa fupi na za kijani, na mbuzi alikuwa amekwisha kuzipitia pia. Noëlla alimfundisha Landry kusoma, Landry akapeleka maji kwa jirani mgonjwa, Mama akashona sare ya mtoto yatima bila malipo. Lakini juma la pili lilipokwisha, ubao wa chini wa hori ulikuwa bado unaonekana. Kila mara Jemima alipolitazama, alimsikia Tina akicheka.

Alasiri moja alibaki nyumbani peke yake. Mama alikuwa sokoni, na Koko Honorine pamoja na Noëlla walikuwa parokiani kupokea unga wa msaada. Jemima aliingia katika chumba kidogo kuweka nguo alizokunja. Hapo aliona kwamba mshono wa godoro ulikuwa umefumuka mahali pamoja, na nyasi mbili ndefu za rangi ya dhahabu zilichungulia nje.

Alizivuta hizo mbili. Zilikuwa safi na laini, tofauti kabisa na zile za uani. Aliingiza vidole, akatoa nyingine. "Godoro ni nene," alijiambia, "hawatajua." Alipomaliza alikuwa na konzi nzima. Aliupanga mzigo wake katika hori, akachukua sindano na uzi uliokuwa kwenye cherehani cha mama yake, akaushona mshono ule kwa uangalifu. Siku chache baadaye alirudia tena, na baadaye tena.

Papa Alphonse ndiye aliyeona kwanza.

"Dorothée, njoo uone! Hori limejaa!" aliita. "Nani ameweka nyasi zote hizi?"

Watu wote walitazamana. Jemima alijua kwamba huo ulikuwa wakati wa kusema, lakini ulimi wake ulichagua njia nyingine.

"Ni mema ya siri, Papa. Kuna watu hawapendi kujisifu."

"Mema ya siri!" Papa alirudia, na macho yake yakalowa. "Katika mji huu ambamo tumeona mabaya yaliyotendwa mchana mbele ya watu, nyumbani kwangu kuna watu wanaotenda mema kwa siri!"

Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyeingia karakanani bila kusimuliwa habari ya hori. Jirani mmoja alikuja kulitazama, akamshika Jemima bega, akamsifu kuwa msimamizi hodari. Jemima alitabasamu, lakini tabasamu hilo lilikuwa zito kulibeba.

Koko Honorine naye alianza kuamka kwa shida. Alitoka chumbani ameshika kiuno, akajiegemeza ukutani kabla ya kupiga hatua. Simenti ilikuwa baridi, naye akaanza kukohoa. Noëlla alimkanda mgongo kwa kitambaa cha maji moto kila alfajiri kabla ya shule.

"Ni nini, Koko?" Mama aliuliza.

"Ni miaka, mwanangu. Miaka nayo inataka kulala pazuri."

Jemima aliyasikia maneno hayo akiwa anafagia. Alifagia mahali pale pale mara nyingi, hata Landry akamwuliza kama alikuwa anachimba kisima.

Ijumaa ya kuelekea Jumapili ya nne, Mama Dorothée aliamua kulianika godoro juani. Yeye na Noëlla walilishika huku na huku, wakajiandaa kwa uzito, na wote wawili nusura waanguke kinyumenyume.

"Mbona jepesi hivi?" Mama alisema. Walilitandaza uani. Katikati lilikuwa limebonyea, gunia juu ya gunia. Mama alipitisha kidole kwenye mshono, akasimama. Mshono wake mwenyewe ulikuwa wa uzi mweupe. Huu ulikuwa wa zambarau.

"Ni panya," Landry alisema.

"Panya anakula. Hashoni."

"Labda panya wa Bunia wamejifunza."

Safari hii hakuna aliyecheka. Katika shirika zima, familia zilikuwa zinatafuta nyasi kwa ajili ya mahori yao, na kati ya wawili waliolala juu ya godoro hilo, aliyeweza bado kutia uzi kwenye sindano alikuwa mmoja tu.

"Noëlla," Mama alisema taratibu, "kuna mtu alikuomba nyasi hizi?"

"Hapana, Mama Dorothée."

"Usiogope. Ulizipeleka wapi?"

"Sikuzitoa. Ni kweli, sikuzitoa." Kwa mtoto asiye na nyumba nyingine, swali hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko nyasi.

Koko Honorine alitoka mlangoni, akaja polepole hadi alipokuwa mjukuu wake, akamwekea mkono kichwani. "Dorothée, mwanangu, umetulisha na umetuficha. Kama kwa ajili yetu kuna maneno katika nyumba hii, tutafunga vitu vyetu. Watu wengine wanaishi katika hema kule uwanja wa ndege, na siye tutaishi."

Jemima alikuwa amesimama kando ya jiko, ndoo mkononi. Angeweza kunyamaza. Mshono hauna mdomo, na Noëlla hakuwa na shahidi. Lakini aliiona mikono ya Koko ikianza kulifungua fundo la kitenge chake ili kukipanua kwa ajili ya mzigo, na ndoo ikamponyoka.

"Ni mimi," alisema. "Mama, ni mimi nilizichukua. Niliziweka katika hori. Noëlla hakujua kitu. Koko, musiende, nakuomba. Ni mimi."

Maji yaliyomwagika yalifika hadi miguuni pa Mama. Mama hakusogea.

"Zote zile?" aliuliza.

"Zote, isipokuwa zile fupi za kijani."

"Umechukua kitanda cha mwanamke mzee aliyekimbia vita," Mama alisema, akilipima kila neno, "ili umtandikie Mtoto Yesu?"

Kusikia jambo hilo likisemwa kwa sauti, katika jua la mchana, kulikuwa kugumu kuliko kulitenda. Jemima alimwendea Koko Honorine, akapiga magoti katika yale matope, akaomba msamaha. Kisha akamgeukia Noëlla, akaomba tena.

"Nilihisi godoro linapungua," Koko alisema. "Lakini ni mali yenu, na mimi niko mgeni. Ningesema nini?"

"Ungesema, Koko," Jemima alijibu huku akilia. "Afadhali ungesema!"

"Simama, mama. Weye umesema. Inatosha."

Papa Alphonse aliporudi na kuelezwa, aliketi juu ya benchi. Akawa anasugua vumbi la mbao kutoka kwenye viganja vyake.

"Mema ya siri," alisema hatimaye. "Nimewasimulia wateja wangu wote."

Jemima alitamani apigwe, kwa kuwa kipigo kingekwisha. "Papa, nifanye nini?"

"Utaanza na godoro, kwa sababu kuna mtu anaumia. Jumapili watu watakuja, nao watalikuta hori jinsi lilivyo kweli."

"Si tuwaambie waende kwa akina Tina?" Landry alipendekeza.

"Hatumpeleki mtu kwingine," Mama alisema. "Tumekaribisha, tutapokea."

Haikuwa vigumu kuzitenganisha nyasi. Zile ndefu za dhahabu zilirudi katika godoro, zile fupi za kijani zikabaki. Lakini nyingi zilikuwa zimevunjika kwa kubanwa, na godoro halikujaa. Jumamosi, baada ya shule, Papa alimwongoza Jemima hadi bondeni, kwenye ukingo wa mto Nyamukau, mahali ambapo fundi Honoré na wenzake walifyatua matofali. Matofali mabichi hufunikwa kwa nyasi ili jua lisiyapasue, na yanapokwisha kukauka, nyasi hizo hazina kazi tena.

"Nyasi ziko," fundi Honoré alisema, akimtazama Jemima kuanzia utosini hadi miguuni. "Na matofali yanangoja kupelekwa kwenye tanuru. Papa yako atabeba?"

"Nitabeba mimi," Jemima alisema.

"Binti ya Alphonse? Huyu anayesemwa mtaani kwa mema yake?"

Jemima aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. "Si kweli, Papa Honoré. Nilidanganya. Ndiyo sababu nimekuja kubeba."

Fundi alimtazama Papa, Papa akatazama mto. "Basi anzia hapa," fundi akasema kwa upole zaidi, na akamwonyesha namna ya kuweka ngata kichwani.

Alibeba tofali baada ya tofali kutoka bondeni hadi kwenye tanuru. Shingo ilimwuma, viganja vikachubuka. Alipokuwa amepumzika kidogo, alimwona Noëlla akishuka kilimani, naye amekunja kitenge kuwa ngata.

"Weye unatafuta nini hapa?" Jemima alimwuliza. "Hili ni kosa langu."

"Godoro ni la kwangu pia," Noëlla alijibu. "Na weye unabeba kama kuku anayevuka maji. Sogea."

Wakacheka, mara ya kwanza tangu jana. Jua lilipoanza kuteremka, fundi Honoré aliwafungia mizigo miwili mikubwa ya nyasi. Siku hiyo hiyo godoro lilijazwa hadi likawa nene kuliko lilipokuwa jipya, na Mama akalishona kwa uzi mweupe. Konzi moja ya nyasi ilibaki juu ya meza.

"Weka katika hori," Landry alimnong'oneza dada yake. "Hizi umezifanyia kazi."

Jemima aliitazama konzi ile. Zilikuwa nyasi nzuri, na keshoye watu wangekuja. Alizibeba hadi chumba kidogo, akazisukuma ndani ya mto wa kulalia wa Koko Honorine.

Jumapili ya nne ua ulijaa. Wengine waliketi juu ya mabenchi, wengine juu ya mikeka. Meza ya sala ilipendeza: kitambaa cha zambarau kilining'inia sawasawa pande zote, na taji la Landry, ingawa liliinama upande mmoja, lilishika mishumaa yote minne. Noëlla alianzisha wimbo, na familia zote zikaupokea kwa nguvu hata wapita njia wakasimama nje ya ua. Chini ya meza hiyo lilikuwapo hori la mbao nyekundu, limesuguliwa likang'aa. Ndani yake kulikuwa na nyasi fupi chache, zimelala upande mmoja.

Tina alijipenyeza mbele, akachungulia. "Hii ni hori ama kitanda cha panya?" alimwuliza Jemima kwa sauti iliyosikika benchi la tatu. "Ulisema litatushinda!"

Baadhi ya watoto walicheka. Wakubwa nao, waliokuwa wamesikia habari za karakanani, walianza kutazamana. Papa Mbusa, kiongozi wa shirika, alimgeukia mwenye nyumba. "Papa Alphonse, tulisikia mengi juu ya hori hili. Hebu utueleze."

Papa Alphonse alianza kusimama. Jemima alimtangulia.

"Papa, naomba niseme mimi."

Alisimama kando ya meza. Alieleza kila tendo lililokuwamo: maji ya mgonjwa, sare ya yatima, masomo ya Landry. Halafu alieleza lisilokuwamo tena. Alisema jinsi alivyotaka kumshinda Tina, jinsi alivyochukua nyasi za godoro, jinsi alivyomwacha baba yake ashangilie uongo, na jinsi Noëlla alivyoshukiwa kwa ajili yake. "Kwa hiyo hori letu ni hili," alimalizia. "Ni dogo, lakini kila unyasi mnaouona ni wa kweli. Koko alilala vizuri jana. Nilimwuliza asubuhi."

Tina alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Ndipo Koko Honorine alipoomba ruhusa ya kusema, akainuka bila kujiegemeza popote.

"Ndugu zangu, mimi nimetoka Fataki. Walinichukulia mbuzi, mahindi, mabati ya nyumba, hata milango aliyoitengeneza huyu Alphonse. Wengine waliochukua nawajua kwa majina. Tangu siku hiyo nangoja, na hakuna hata mmoja aliyekuja kusimama mbele yangu akasema: Koko, ni mimi, nisamehe, nimerudisha. Mtu wa kwanza kuniambia hivyo katika vita hivi ni huyu mtoto." Aliwageukia watoto. "Watoto, siwaambii muibe ili mupate kutubu. Nawaambia kwamba kila mtu anaweza kukosa, na mwenye kukosa anayo njia ya kurudi: aseme mwenyewe, arudishe, atengeneze alichoharibu. Wakubwa wa Ituri wakijifunza njia hiyo, siku moja nami nitarudi nyumbani."

Mwanamke mmoja alijipangusa macho kwa ncha ya kitenge. Papa Mbusa hakuongeza hotuba. Aliwasha mshumaa wa nne, sala ikaendelea. Walipokuwa wanaagana, Papa Alphonse alisimama mlangoni mkono wake ukiwa begani pa Jemima, na kila aliyepita alimwambia, kama vile watu hawakumjua: "Huyu ni binti yangu."

Jioni, kabla giza halijaingia, watu sita wa nyumba ile walilizunguka hori kama kawaida. Landry aliweka unyasi kwa kuwa aliwapangia wageni mabenchi. Noëlla aliweka wa kwake. Jemima alibaki nyuma yao.

"Na weye?" Mama alimwuliza.

"Leo sina kitu, Mama. Nilirudisha tu nilichochukua."

"Kurudisha ni wajibu wako, na kwa hilo hakuna unyasi," Mama alisema. "Kubeba matofali nako ni kutengeneza ulichoharibu. Lakini leo baba yako alikuwa tayari kukusemea, na hakuna aliyekulazimisha. Ulisimama mbele ya watu uliotaka wakusifu, ukawaambia ukweli uliojua kwamba ungeweza kukuaibisha, ukalisafisha jina la Noëlla. Mtu anayeweza kufanya hivyo ana haki ya kutembea kichwa juu. Jambo hilo ni jema, Jemima. Liseme, kisha uliwekee unyasi."

Jemima alitoka nje, akatafuta kando ya ua mahali ambapo mbuzi hakufika. Alirudi na unyasi mmoja mfupi wa kijani. Alisimama wima mbele ya wote, akalisema jambo lake kwa sauti iliyosikika hadi jikoni, akauweka ndani ya hori.